Dubu Wasio na Kasoro

Mwenye nyumba alikuja Jumapili asubuhi, saa ambayo mpangaji hana pa kujificha. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia, akamnyooshea kidole mbwa aliyelala chini ya meza.

"Mimi nilipangisha watu watatu," alisema. "Baba, mama na mtoto. Bibi alipokuja mkaniambia anapita tu, nikanyamaza. Huu mwezi wa tatu bado anapita. Lakini mbwa? Mbwa sikumwandika popote."

Mbwa alijua anatajwa. Aliinua kichwa, akatikisa mkia mpaka ukagonga mguu wa meza. Alikuwa mzee, mvi zimemtoka usoni kama binadamu, na mguu mmoja wa nyuma hakuwa nao.

"Ana miguu mitatu tu, bwana," fundi friji, baba wa nyumba, alijaribu mzaha. "Mhesabu robo tatu."

Mwenye nyumba hakucheka. "Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Mbwa atoke, au mtoke nyote mumfuate."

Alipoondoka, fundi friji alimvuta mkewe kando ya jiko, akashusha sauti, kana kwamba katika nyumba ya vyumba viwili kuna sauti inayoshuka. "Mimi sina ubaya na Mama. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama yako nimempa kitanda, jembe sikumpa. Huyo mbwa lakini..."

"Nasikia, mwanangu," sauti ya mama mkwe ilitoka nyuma ya pazia. "Jembe lilete tu, nitalima. Ila mbwa akitoka, natoka naye. Kituo cha basi kina benchi."

Mkewe alifumba macho. Alimjua mama yake. Hakuwa na tabia ya kutisha watu, alikuwa na tabia ya kufanya.

*

Mke huyo kiwandani walimwita Stika, na jina lilikuwa limemganda hata mtaani. Kazi yake ilikuwa kukaa mwisho wa mstari wa mafundi, mashati yakimjia moja baada ya jingine, kila shati sekunde ishirini. Akiona kola imepinda, kifungo kimelegea au mshono umeruka, anabandika stika nyekundu na shati linarudi lilikotoka. Miaka kumi na mmoja alikuwa akifanya hivyo. Jicho likizoea kutafuta kosa halijui likizo. Kwenye harusi aliona pindo la bibi harusi kabla ya kumwona bibi harusi mwenyewe. "Usinikodolee hivyo," mumewe alizoea kumwambia wakila, "utanibandika."

Mama yake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Miaka thelathini alifagia na kuosha sakafu katika kliniki ya mifugo. Alitaka kuwa daktari wa wanyama, lakini shule yake iliishia darasa la nne, akaridhika kushika ufagio pale walipo. Wanyama walioachwa na wenyewe, vilema na vikongwe ambao kliniki ingewachoma sindano ya mwisho, wadogo aliwaficha kwenye kikapu, wakubwa akawavuta kwa kamba, akaja nao nyumbani. Mtaani wakamwita Daktari wa Paka. Stika alikwenda shule na manyoya kwenye sweta, wenzake wakimlilia "nyau" tangu getini.

Hilo angeweza kulisahau. Ambalo hakulisahau ni la chakula. Wanyama walikula kwanza, na alipolalamika mama yake alimjibu kwa upole, na upole huo ndio uliouma: "Wewe unaweza kusema una njaa, mwanangu. Yeye hawezi." Tangu siku hiyo Stika aliacha kusema ana njaa, na mambo mengine mengi akaacha kumwambia mama yake, na mama naye, alipoona binti hapendi habari za wanyama, akaacha kuzisimulia. Waliishi hivyo kwa adabu nzuri.

Sasa wote walikuwa wamekufa, paka na punda na mbuzi, amebaki huyu mbwa mmoja ambaye mama alimwita Mwenzangu. Jicho moja la mama lilikuwa limeingia ukungu wa mtoto wa jicho. Mchana kutwa alikaa kwenye kitanda cha mjukuu, akishona dubu wa kitambaa kutokana na blanketi na makoti makuukuu, sindano ikienda kwa vidole kuliko kwa macho, na Mwenzangu amelaza kidevu juu ya mguu wake.

*

Siku ya tatu baada ya mwenye nyumba kuja, mama alirudi kutoka hospitali alikompeleka mjukuu na kikohozi chake, amechangamka kuliko alivyoonekana kwa miezi.

"Dubu wa mtoto amebaki kule wodi ya watoto," alisema hata kabla hajakaa. "Kuna msichana mmoja alimkumbatia, ikawa kumwachisha ni kumliza. Muuguzi mkuu akaniuliza nani kamshona. Nikasema mimi. Anataka wengine kumi na wawili."

"Vizuri, Mama," alisema Stika, akimenya viazi.

"Sikiliza kwanza. Nyuma ya jengo la kufulia kuna stoo tupu, ina dirisha na kiuwanja chake. Anasema watoto wakiwapenda, atamwomba katibu wa hospitali wanipe nikae pale, nishone, na usiku niwe jicho la pale nyuma. Nimemuuliza, na mbwa? Amesema mbwa ndiyo vizuri zaidi, kuna wezi wa mashuka."

Kisu cha Stika kilisimama. Alimwona mama yake na mbwa wake ndani ya chumba chao wenyewe, na mwenye nyumba akipita mlangoni kwake bila kunyoosha kidole. Aliitaka ile stoo kwa moyo wote. Hakuuliza dubu wenyewe watakuwaje. Dubu ni dubu, alifikiri.

*

Kazi ilianza siku hiyohiyo. Mama alifumua koti la kahawia la marehemu jirani, blanketi mbili na kanzu ya kuogea ya mkwewe, ambaye alitoa kwa moyo mkunjufu kisha akaitafuta wiki nzima. Kila siku dubu mmoja alikaa dirishani, na kila siku Stika, akirudi kutoka kazini, alimkagua kabla hata ya kuvua viatu.

Wa kwanza alikuwa na sikio moja. Wa pili macho yake hayakulingana, moja kifungo cheusi, jingine uzi tu ulioshonwa kama kope iliyofumba. Wa tatu alikuwa na mguu mfupi. Wa nne mdomo umekwenda upande. Mama alimaliza kila mmoja, akampapasa toka kichwani mpaka miguuni, akatabasamu, akamweka dirishani.

Haoni, Stika alijiambia. Masikini mama yangu haoni tena, na hajui kwamba haoni.

Mara moja tu alikaribia kusema. "Mama, huyu sikio lake..."

"Enhe?" Mama aliinua uso upesi, na katika jicho lake zima kulikuwa na kitu kama matumaini, kama mtu anayengoja kuulizwa swali alilolingoja miaka.

Stika alikiona kile kitu, akadhani ni hofu. "Limetokea vizuri," alisema.

"Ahsante, mwanangu," alisema mama, akarudi kwenye sindano yake.

*

Jumamosi moja, mama alimpeleka Mwenzangu kliniki kuchanjwa, maana hospitali ilitaka cheti. Dubu wote kumi na wawili walikuwa tayari ndani ya mfuko wa khaki, umefungwa kwa utepe. Walitakiwa Jumatatu saa tatu.

Stika alirudi kutoka kazini saa saba, akafungua utepe, akawapanga mezani. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkoba, ukatoa stika nyekundu za kiwandani. Alipomaliza kubandika, meza ilikuwa kama mtoto aliyeshikwa na surua. Alihesabu makosa kumi na saba.

"Unafanya nini?" aliuliza mumewe, aliyeingia na mikono ya grisi.

"Naokoa chumba."

"Mama umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba haoni? Wewe ungeweza kumwambia mama yako hivyo?"

Fundi friji alifikiri, akaona hangeweza. Alinawa mikono, akakaa kumtungia uzi mkewe.

Stika hajapata kushona vizuri kama siku ile. Aliongeza masikio, akalinganisha macho, akafumua miguu mifupi na kuirefusha kwa kitambaa kilekile, akanyoosha midomo mpaka wote kumi na wawili wakatabasamu sawasawa. Kila mshono alioushika aliushika kwa mapenzi. Alifikiri juu ya mama yake akisimama mbele ya wakubwa wa hospitali na dubu waliopinda, wakimhurumia, wakinong'onezana juu ya kichwa chake, na akashona haraka zaidi. Saa kumi aliwarudisha ndani ya mfuko, akafunga utepe kwa fundo lilelile la mama. Zile stika kumi na saba alizitupa kwenye ndoo ya taka.

*

Jumatatu aliomba ruhusa kazini akamsindikiza. Mama alivaa kitenge chake kizuri, na Mwenzangu alioshwa, akafungwa kamba nje chini ya dirisha la muuguzi mkuu, ili na yeye aonekane ni mtu wa kazi.

Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchoka. Alifungua mfuko mwenyewe. Alitoa wa kwanza, akamtazama. Akatoa wa pili. Alipofika wa tano alianza kuwatoa wawili wawili, haraka, kama anayetafuta kilicho chini.

"Mama," alisema, "hawa ni wazuri sana. Ni wazuri mno. Lakini wale tuliozungumza wako wapi?"

"Si ndio hao, Sista," alisema mama akicheka, akanyoosha mkono kumchukua aliye karibu. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja upande wa kushoto wa kichwa, mahali ambapo hapakuwa na kitu, vikakuta sikio. Vikasimama hapo. Kisha alimchukua mwingine, akapapasa macho, akahesabu vifungo viwili. Akamchukua wa tatu, akapima miguu kwa kuibana pamoja kati ya viganja.

Stika alitazama vidole vya mama yake vikitafuta, na kabla hajaelewa alichofanya, alijua kwamba amefanya.

"Twende tu tuwaulize wenyewe," alisema muuguzi mkuu.

Wodini, kitanda cha kwanza kando ya mlango, alikaa msichana wa miaka kama saba. Shuka lilikuwa limelala bapa mahali ambapo mguu wake wa kulia ungekuwa. Kwapani alimbana dubu wa zamani wa binti wa Stika, yule mwenye mguu mfupi, ambaye Stika alidhani miaka yote kwamba kitambaa kilimwishia mama. Kitanda cha pili palikuwa na mtoto aliyefungwa bandeji nusu ya uso, cha tatu mtoto ambaye mdomo wake ulivutwa upande na kovu la moto.

"Mchagulie mwenzio wa kitanda cha pili mmoja," muuguzi mkuu alimwambia msichana.

Msichana aliwakagua mmoja mmoja. Alikagua vizuri, Stika mwenyewe asingekagua vizuri zaidi. Kisha akawasukuma wote mpaka ukingoni mwa kitanda.

"Hawa hawajaumwa," alisema. "Hawa ni wa dukani."

Katibu wa hospitali alifika wakati huohuo, kalamu sikioni, mtu mwenye mambo mengine ya kufanya. Alimchukua mmoja, akamgeuzageuza. "Sista, ulisema ni kitu cha pekee. Hivi si wafadhili wanaleta kwa maboksi? Mimi ile stoo naihitaji. Nina vitanda vimevunjika vinalala nje na mvua."

"Nipe wiki moja, bwana katibu."

"Vitanda naviingiza leo." Naye akaenda zake, maana kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Muuguzi mkuu alimgeukia mama. Hakuwa na hasira, alikuwa na masikitiko. "Nani alikuambia uwakamilishe, Mama?"

Stika alifungua mdomo. Mama alimtangulia.

"Mimi mwenyewe, Sista. Niliona aibu kuleta vilema kwenye hospitali kubwa kama hii."

Mama hakuwahi kumwonea kilema aibu tangu azaliwe. Alifukuzwa nyumba tatu kwa ajili yao, mume alimwacha kwa ajili yao, naye akacheka tu. Uongo ule ndio aliouona aibu, na aliusema wodi nzima ikisikia, watoto wenyewe wakimtazama.

*

Walikaa kwenye benchi nje ya geti. Mwenzangu alilala kati yao, kidevu juu ya kiatu cha mama.

"Kwa nini hukuniambia?" Stika alilia. "Mama, kwa nini hukusema hata neno moja?"

"Ulichukia hata majina yao, mwanangu. Nisingekusumbua." Mama alipapasa mfuko uliokuwa mapajani. "Mwenye sikio moja alikuwa Karani, yule paka. Unamkumbuka? Alipenda kulala juu ya daftari zako."

Stika alimkumbuka. Alikuwa akimpiga rula.

"Mwenye jicho la uzi ni yule mbuzi, Hakimu, alivyokuwa akimtazama mtu kwa jicho moja kama anamhukumu. Mwenye mdomo wa upande ni Mstaafu, punda wetu. Mwenye mguu mfupi ni huyu hapa. Nilisema moyoni, mtoto aliyekatwa mguu atamwambia nini mwenye miguu yote? Waliopitia ndio wanaelewana." Alimkuna mbwa nyuma ya sikio. "Nilikuwa nao wote kumi na wawili, unajua. Usiku nilikuwa nawahesabu."

"Nitafumua. Leo hii hii nitafumua, kila sikio, kila—"

"Fumua, mwanangu," alisema mama kwa upole uleule wa zamani. "Chumba kimeshapata vitanda."

Kuuliza si ujinga, watoto wadogo wanafundishwa hivyo. Stika alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita.

*

Alikwenda kwa mwenye nyumba siku hiyo, akapiga magoti. Mwenye nyumba alimwambia asimchafulie sakafu. Fundi friji, lazima tumpe haki yake, alizunguka kwa wateja wake wote akiuliza nani anataka mbwa mpole, na wote walipenda wazo hilo mpaka walipofika kwenye miguu. Stika akasema basi wahame. Walitafuta siku sita. Nyumba zilizokubali mbwa zilikuwa na geti na bustani, na wenye nyumba hizo walimwuliza mumewe kama amekuja kutengeneza friji.

"Usiwahamishe mtoto na baba yake kwa ajili yangu," mama alisema siku ya mwisho wa mwezi. Alikuwa ameshika kamba ya Mwenzangu.

"Mama, ulisema akitoka mnatoka wote."

"Nilisema. Na yeye atalala wapi, kituo cha basi? Mvua hizi na mifupa yake ile?"

"Basi nikusindikize."

"Wewe una kazi."

Aliondoka kwa miguu, akipunguza hatua ili mbwa wa miguu mitatu asihangaike, akaelekea kliniki aliyoifagia miaka thelathini. Hakuhitaji kuelezwa lolote kule. Alijua mlango gani, meza gani, na sindano inachukua muda gani. Wanyama walioachwa mezani pale aliwachukua yeye. Sasa hapakuwa na mfagiaji mwenye kikapu. Wa kliniki walisimulia baadaye kwamba alimshika kichwa mpaka mwisho, na kwamba aliomba ufagio akafagia manyoya yaliyodondoka.

Alirudi saa tisa na kamba peke yake. Aliiosha kwa sabuni, akaianika.

"Bibi, Mwenzangu yuko wapi?" mjukuu aliuliza.

"Amepumzika," alisema bibi, akakaa kitandani. Mguu wake mmoja uliuweka mbele kidogo, kama siku zote, mahali pa kidevu cha Mwenzangu.

*

Baada ya mwezi mmoja alianza kushona tena. Stika alishukuru, alidhani ni dalili ya kupona. Mama alishona haraka sasa, dubu mmoja kwa siku na nusu ya mwingine, na mwenye duka la vitabu pale kona aliwachukua wote, akasema wanakwenda kama mkate. Hata mwenye nyumba alinunua mmoja wa kumpa mjukuu wake. "Sasa umeijua kazi, bibi," alimwambia. Mama alimshukuru.

Jumapili moja mchana Stika alimchukua aliyekuwa dirishani. Alikuwa wa rangi ya kahawia, manyoya laini.

"Huyu ni nani, Mama?" aliuliza. Alikuwa amelifanyia mazoezi swali lile wiki nzima, njia yote ya kwenda na kurudi kiwandani.

Mama hakuinua uso. "Si yeyote. Ni dubu."

Stika alimpeleka kwenye mwanga. Alimgeuza, akakagua masikio, akapima miguu kati ya viganja, akapitisha kidole kwenye kila mshono. Sekunde ishirini zikapita, zikapita nyingine, na nyingine. Alitafuta hata uzi mmoja uliokaa upande. Hakuona kosa lolote.